Jumatatu ni ya Makedi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, baba alinikabidhi fimbo namba saba akaniambia nisiue nyasi. Hilo ndilo lililokuwa somo langu lote la gofu.

Baba yangu ni kedi. Kama hujawahi kukanyaga uwanja wa gofu, kedi ni yule mtu anayetembea hatua mbili nyuma ya mchezaji akibeba begi la fimbo, anayetafuta mpira ukipotea, anayesema "good shot" hata ikiwa si good. Amefanya kazi hiyo miaka ishirini na saba kwenye uwanja mmoja wa Nairobi. Sitautaja. Mzee bado anakula hapo, na mimi nimekula hapo pia: yunifomu, kodi ya nyumba, unga, na mihula mitatu ya chuo kikuu kabla hesabu haijakataa.

Klabu nyingi huku kwetu hufungia wanachama uwanja Jumatatu. Siku hiyo trekta hukata nyasi, mabomba hutengenezwa, na makedi huruhusiwa kucheza. Wanaiita siku ya makedi. Niliijua tangu utotoni kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo baba alitoka nyumbani mapema bila kulalamika.

Nilikuwa nimebeba begi kwenye uwanja huo tangu likizo za kidato cha pili. Niliujua vile punda anavyojua barabara, yaani kwa mgongo. Nilijua kilima cha shimo la nne kinauma magoti, na kwamba kivuli cha kwanza cha maana kiko shimo la sita chini ya mvule. Lakini sikuwa nimewahi kupiga mpira hata mmoja. Baba alikataa. "Ukianza kucheza utasahau kusoma," alisema. Basi nilipoacha chuo, si kwa kupenda, hakukuwa tena na sababu ya kunizuia. Ilichukua miaka mitatu kabla hajanialika, na hatukuzungumzia kwa nini.

Nikiri jambo moja hapa. Nilienda nikiwa na makala tayari kichwani. Hata jina la makala nilikuwa nalo, kali kabisa, la kuwachoma matajiri. Ekari mia na zaidi za nyasi kijani, mji wenye watu wanaolala wanne kwa chumba kimoja, seng'enge katikati. Makala ya aina hiyo hujiandika yenyewe. Nilihitaji tu kugusa mpira mara moja ili niseme nilikuwa pale.

Mpira wa kwanza sikuugusa. Fimbo ilipita juu yake ikaenda na upepo. Wa pili niliugusa kidogo ukatambaa kama mita kumi. Makedi wawili waliokuwa nyuma yetu walicheka kwa heshima, mkono mdomoni, kwa sababu ya mzee. Wa tatu nao, sijui niseme nini. Kuna sauti fulani mpira ukipigwa vizuri, kavu, kama kuvunja kijiti, na mikono haisikii kitu. Nilisimama nikiutazama ukipanda juu ya miti. Baba hakusema "good shot". Alisema, "Twende."

Niliyoanza kusomea chuoni ni upimaji wa ardhi. Vitu vingi vya darasani nimesahau, lakini tabia moja imenibakia: nikiangalia kilima naona mistari ya mwinuko, ile inayochorwa kwenye ramani, imelala juu ya nyasi kama nyuzi. Kwa hivyo nilipoanza kutembea uwanja huu bila begi mgongoni, kichwa kikiwa juu kwa mara ya kwanza, niliona kitu ambacho mgongo haukuwahi kuniambia. Uwanja wa gofu ni ramani. Kila mahali mtu amekaa akafikiria utakanyaga wapi, utaona nini kwanza, utaogopa nini. Miti miwili imesimama pale ili uamini kwamba njia ni nyembamba. Banka, lile bonde dogo la mchanga, limewekwa mbele kidogo ya grini ili lionekane limeigusa, kumbe kati yake kuna mita ishirini za nyasi tupu. Nimeona watu wazima, wakurugenzi wa makampuni, wakiharibu siku yao kwa sababu ya zile mita ishirini.

Nilipofika nyumbani nilianza kusoma. Ndipo makala yangu ya kwanza ilipoharibika.

Nilidhani gofu ilizaliwa na seng'enge. Sivyo. Uwanja ambao watu wa gofu huuhesabu kuwa mama wa viwanja vyote uko St Andrews, mji mdogo wa pwani huko Uskoti, na haukuchorwa na mtu yeyote. Ulikuwa ardhi ya mchanga kati ya bahari na mashamba, ardhi isiyoota mahindi wala ngano, kwa hivyo hakuna aliyeitaka sana. Watu wa mji walilisha mifugo hapo, walianika nguo, walicheza. Kondoo walijificha upepo kwenye vibonde, wakavichimba kwa kwato mpaka mchanga ukatokea. Inasemekana banka za kwanza zilianza hivyo. Sungura nao walikula nyasi zikabaki fupi. Ukitaka jina la mbunifu wa uwanja ule mkongwe, andika kondoo, sungura na upepo.

Serikali haikupenda. Mwaka 1457 bunge la mfalme James wa Pili lilipiga marufuku gofu na kandanda kwa sababu vijana waliacha kufanya mazoezi ya upinde na mshale. Marufuku hiyo ilifanya kazi kama marufuku nyingi za serikali. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliandikiana na mji: yeye angefuga sungura pale, na wakazi wangeendelea na haki yao ya kucheza gofu, kucheza mpira na kulisha mifugo. Yaani haki ya watu kuingia uwanjani ilikuwa kwenye karatasi karne nne kabla ya sisi kupata uhuru.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu kama wewe ni Mkenya utaitambua. Mwishoni mwa miaka ya 1790 baraza la mji wa St Andrews lilifilisika. Likafanya nini? Likauza ardhi ya umma. Mwaka 1799 ilifika mikononi mwa Charles Dempster na mwanawe, wafanyabiashara waliotaka kufuga sungura kwa wingi. Sungura wakachimba uwanja mzima. Wakazi wakaenda kortini, wakapigana na wenye sungura, wakaua sungura, na vurugu hiyo ikaendelea karibu miaka ishirini. Mwaka 1821 mwenye shamba jirani, James Cheape, aliinunua ardhi hiyo na sungura wakashindwa. Hatimaye, mwaka 1894, kwa sheria ya bunge, mji uliinunua tena ikawa mali ya umma. Nikisoma haya nilicheka peke yangu. Mji kufilisika, kiwanja cha umma kuuzwa, mahakama, miaka ishirini ya kesi. Kilichonishangaza ni mwisho tu: watu walirudishiwa.

Na bado wanacho. Jumapili uwanja huo haufunguliwi kwa gofu. Watu hutembea na mbwa wao juu ya nyasi ambazo mabingwa wa dunia wamelilia. Barabara ya umma inakatiza shimo la kwanza na la mwisho, na mchezaji husimama kungoja mtu mwenye kigari cha mtoto apite. Sisemi ni peponi. Mgeni hulipa pesa nyingi kucheza pale, na wengi hupata nafasi kwa kura. Lakini ardhi yenyewe si ya klabu.

Hata namba 18, ambayo nilidhani imeshuka kutoka mbinguni, ilitokea pale karibu kwa bahati. Uwanja ulikuwa mwembamba, watu wakicheza mashimo yale yale wakienda na wakirudi, jumla 22. Mwaka 1764 waliona mashimo manne ya kwanza ni mafupi mno, wakayaunganisha yakawa mawili. Toa mawili ya kwenda, toa mawili ya kurudi, zinabaki 18. Dunia nzima ikafuata. Kwa sababu hiyo ya kwenda na kurudi, grini saba za pale ni kubwa mno, kila moja ina mashimo mawili, na namba za mashimo hayo ukizijumlisha unapata 18 kila mara: la pili na la 16, la tatu na la 15, hivyo hivyo. Wachezaji wanaotoka na wanaorudi hukutana kwenye grini moja na inabidi wapishane. Mtu wa matatu angeelewa hapo haraka.

Turudi Nairobi, shimo la saba.

Grini ya saba kwetu iko kwenye mteremko, na nyuma yake ardhi inapanda kuelekea majengo ya klabu. Nilikuwa nimefika baada ya mapigo nisiyoyahesabu. Mpira wangu ulikuwa kama hatua nne kutoka shimoni. Nikaangalia kama mpimaji: mwinuko uko kushoto, kwa hivyo mpira utaanguka kulia. Nikaelekeza kushoto kidogo. Baba akatikisa kichwa.

"Elekeza kulia."

"Baba, si unaona kilima kiko kushoto?"

"Naona. Macho yako yanakudanganya. Maji hapa yanaenda mtoni, na mto uko huku." Alionyesha kushoto, nyuma ya miti, mahali ambapo sikuweza kuona mto wowote. Nilipiga nilivyotaka mimi. Mpira ukaenda kushoto, kama umevutwa na kamba.

Mambo haya yana historia, na inapita Afrika. Alister MacKenzie alikuwa daktari Mwingereza aliyehudumu na jeshi la Uingereza katika vita dhidi ya Makaburu, vile vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902. Pale aliona jinsi Makaburu, wachache na wakulima, walivyolisumbua jeshi kubwa kwa kutumia ardhi yenyewe: walichimba handaki mahali ambapo jicho halikutarajia, wakalifanya lifanane na kilima kingine chochote. MacKenzie alirudi kwao, akaacha udaktari, akawa mchoraji wa viwanja vya gofu. Alifanya kinyume cha alichokiona na pia kile kile: banka zake zinafanana na ardhi ya asili, na grini zake zinakuonyesha mteremko ambao si ule. Mwaka 1924 alipima uwanja wa St Andrews na kuuchora ramani ambayo bado watu hutundika ukutani. Baadaye, pamoja na Bobby Jones, alichora Augusta kule Georgia, ule wa maua unaoonekana kwenye televisheni kila Aprili. Basi ukimwona bingwa akikuna kichwa Augusta, ujue sehemu ya hila hiyo ilisomewa kwenye vilima vya Afrika, watu wakipigwa risasi.

Baba hajawahi kusikia jina la MacKenzie. Nilipomweleza alisema, "Huyo angekuwa kedi mzuri."

Basi gofu ilifikaje huku, na seng'enge ilitoka wapi?

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Palikuwa kinamasi na mahema. Miaka saba tu baadaye, 1906, tayari kulikuwa na klabu ya gofu. Fikiria hapo: mji haujapata mitaro ya maana, tauni imeshapita mara moja wakachoma soko, lakini mtu amekwisha pima mashimo ya gofu. Mwaka 1935 mfalme George wa Tano aliipa klabu hiyo heshima ya kuitwa Royal. Uhuru ukaja 1963, jamhuri 1964, na bado ni Royal Nairobi. Muthaiga ilianza 1913. Ya Railway 1922. Ya Karen 1937, kwenye ardhi iliyokuwa ya shamba la kahawa la Karen Blixen. Ukizitia kwenye ramani moja utaona mji wa kikoloni unavyojichora: mahali wazungu walipoishi, kuna gofu; mahali gofu iliposimama, kuna nafasi kati yao na wengine. Nyasi zilikuwa ukuta ambao unaweza kuutembelea ukiwa na begi la mtu mgongoni.

Kibera iko jirani kabisa na Royal. Wengi hudhani mtaa ule uliota wenyewe juzi juzi. Lakini Wanubi, askari wa asili ya Sudan waliopigania jeshi la King's African Rifles, waliwekwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 eneo hilo la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari wale hawakupewa hati. Klabu za gofu hazikukosa karatasi. Mimi nilijifunza kuchora mipaka kwa kalamu ya wino mweusi, na naweza kukuambia tofauti kati ya watu wawili waliofika Nairobi miaka inayokaribiana inaweza kuwa mstari mmoja tu kwenye karatasi.

Na makedi wa kwanza? Kuanzia karibu mwaka 1920 kila mwanaume Mwafrika aliyeajiriwa alilazimika kubeba kipande, kile kitambulisho kwenye kijaluba cha bati, shingoni. Sasa mpe na begi la gofu. Nimejaribu kumfikiria huyo mtu akipanda kilima cha shimo la nne, bati likigonga kifua kwa kila hatua.

Kwa hivyo hasira yangu haikuwa ya bure. Lakini seng'enge haikuwa sehemu ya mchezo. Ililetwa. Uskoti walipigana miaka ishirini ili isiwepo, halafu wajukuu wao wakapanda meli wakaja kuiweka hapa kama desturi.

Kitu kimoja kilipita seng'enge kuelekea upande wa pili bila kuomba ruhusa, nacho ni nyasi. Nyasi unazokanyaga kwenye njia za viwanja vingi vya Nairobi ni zile zile zinazoota nyuma ya choo cha kijiji chochote cha nyanda za juu: mashina manene yanayotambaa, juu ya udongo na chini yake, yakishikana kama mkeka. Dunia nzima inaziita nyasi za Kikuyu. Ni za huku, nyanda za juu za Afrika Mashariki. Wakoloni walizipeleka Afrika Kusini, Australia, na mwanzoni mwa karne iliyopita California, zishike udongo wa miteremko. Zikakataa kukaa mahali zilipowekwa. Leo Wamarekani wanazihesabu kuwa magugu, lakini huko Los Angeles zimeteka uwanja mzima wa Riviera, mmoja wa viwanja mashuhuri vya Marekani, na wameamua kuzipenda. Wanataaluma wanasafiri kutoka kila pembe kuja kupambana na nyasi ambazo nyanya yako huwakatia ng'ombe. Tiger Woods amejaribu Riviera miaka nenda miaka rudi, hajawahi kushinda pale.

Baba, ambaye ni Mluhya wa Kakamega, ana nadharia ndefu juu ya nyasi za Kikuyu. Zinashika fimbo, anasema, kama mtu unayemdai. Mpira ukianguka mbele ya grini hausongi, umekwama. Kwa hivyo kule mzungu anapopitisha mpira chini chini, hapa lazima uurushe juu. Mambo ambayo watangazaji wa televisheni wanayaeleza kwa michoro, yeye ananieleza kwa kukanyaga.

Shimo la 13 linapita kando ya seng'enge. Nje yake kuna njia ya udongo, kisha mabati. Ni saa tatu hivi, kina mama wanapita na mitungi ya maji. Watoto watatu walikuwa wamekaa kwenye jiwe wakingoja. Nawajua watoto hao bila kujua majina yao, kwa sababu nimewahi kukaa kwenye jiwe hilo. Mpira ukivuka, unauokota, unaufuta, unauuza tena kwa kedi kwa shilingi hamsini. Mimi, mpiga mpira mbovu kuliko wote waliowahi kufika pale, niliwapa biashara nzuri. Wawili ulivuka kwa dakika tano. Mmoja wao alipiga kelele, "Uncle, piga ingine!"

Hapo ndipo tulipogombana, baba na mimi. Nilimwambia nitaandika kwamba viwanja hivi vifunguliwe. Vitolewe seng'enge, watu watembee.

"Nani atatembea?" aliuliza.

"Hao." Nilionyesha mitungi.

Akaketi kwenye begi, jambo ambalo hafanyi mbele ya wanachama. Magoti yake yamekwisha. "Hii seng'enge ikitoka leo," alisema, "kesho kutwa utaona lori la mawe. Na hayatakuwa mawe ya hao. Itakuwa fleti, ghorofa kumi na tano, na soja mwingine langoni. Mimi sitakuwa na kazi, na wao hawatakuwa na hata huu upepo."

Nilitaka kumjibu nikakosa. Kwa sababu Nairobi hii, ana ukweli. Ila kuna upande mwingine wa hadithi hiyo, nikamkumbusha. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walienda msitu wa Karura kupanda mti mmoja wa kupinga unyakuzi. Mahali walipotaka kuupanda palikuwa pametengwa pafyekwe kwa uwanja wa gofu. Walivamiwa na wanaume waliowekwa kulinda hapo, Wangari akapasuliwa kichwa. Vijana wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Agosti mwaka huo rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo unaenda Karura kukimbia Jumamosi na kupiga picha za Instagram kwa sababu watu waliumia ili pasiwe na shimo la 18.

"Sasa unaona," baba alisema. "Gofu inaweza kuwa mwizi, na inaweza kuwa mlinzi."

"Mlinzi wa nani?"

Hakujibu. Alisimama, akachukua fimbo yake, moja tu, namba tatu, akapiga mpira wa chini uliopita kati ya miti miwili ile ya uongo kana kwamba haipo. Anapenda fimbo namba tatu kwa sababu ya Seve Ballesteros. Kila kedi wa umri wake ana hadithi ya Seve: kijana wa Pedreña, kaskazini mwa Hispania, aliyeanza kama kedi, akajifunza ufukweni kwa fimbo moja tu, namba tatu, akivizia kuingia uwanjani usiku. Mwaka 1978 alikuja Muthaiga akashinda Kenya Open. Mwaka 1984 alishinda Open ya Uingereza, na mahali ni pale pale St Andrews, uwanja wa kondoo. Baba husimulia kama aliyekuwepo. Hakuwepo. Alikuwa mtoto Kakamega.

Nilipendekeza kitu kidogo zaidi tukitembea. Kama ni kufungua kabisa haiwezekani, basi siku moja. Jumapili moja kwa mwezi, kama Waskoti. Lango wazi, watu watembee na watoto wao, jioni wafunge.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Jumapili? Mwanangu, Jumapili ndiyo siku yenye pesa."

Nimefikiria hilo tangu wakati huo na bado naamini mimi ndiye niko sawa. Lakini ni rahisi kwangu kuamini. Jumapili si mimi nitakayerudi nyumbani bila unga.

Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, wala si mfalme George. Nilipenda. Kuanzia shimo la 14 hivi nilisahau kwamba nilikuja kuchukia. Ukungu ulikuwa umeondoka, trekta lilikuwa linanguruma mbali, harufu ya nyasi zilizokatwa, na mpira mmoja kati ya kila kumi ukitoka na ile sauti kavu. Kuna ukimya ule ambao sijawahi kuupata Nairobi bila kuulipia. Niliwaza: kumbe hiki ndicho wanachokilinda. Si mchezo. Ni kuweza kuona mbali. Mtaani kwetu jicho linaishia ukuta wa jirani, mita tatu. Hapa linaenda mita mia nne na kurudi. Kila binadamu angependa jicho lake liende hivyo, na waliojenga mji huu walijua, ndiyo maana waliligawa kwa hati.

Shimo la 18 linashuka kuelekea klabu. Madirisha yalikuwa yamefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza. Nilikuwa nimeacha kuhesabu mapigo nilipofika 130. Mzee alikuwa na 81, kwa magoti yale na fimbo nne za kuazima. Alikuwa na mpira wa mwisho kama hatua sita, unaopinda mara mbili, na aliutazama kwa muda mfupi tu, bila kuchuchumaa, kama mtu anayetafuta swichi ya taa nyumbani kwake gizani. Ukaingia.

Halafu akarudi nyuma. Nilikuwa nimeingia kwenye banka ya mwisho na kutoka kwa mapigo matano, mchanga wote umevurugika kama kuku wamelala pale. Akachukua reki akaanza kusawazisha. Nilimwambia Jumatatu hakuna mwanachama. Akasema kuna mtu anaanza kesho saa moja na nusu, na akikuta hivi atauliza kedi gani aliyekuwa hapa. Nilimnyang'anya reki nikamalizia mwenyewe.

Langoni, soja akitukagua mifuko kama kawaida, baba aliniuliza nitaandika nini. Nikamwambia: kondoo, reli, nyasi, mto wa grini ya saba.

"Hiyo ya mto usiandike," alisema. "Wakijua wenyewe watanilipia nini?"

Kwa hivyo nimebadilisha namba ya grini.